Namba za fishi ya mtoto mahututi zifanye kazi ya pili: mwongozo kamili

Fishi ya uangalizi ya mtoto mahututi hujazwa mara sita kwa siku, husomwa zamu zinapopokezana, kisha huingia kwenye jalada, na jalada huingia kabatini. Wengi wanaojaribu kuzitoa namba hizo kabatini hukwama mahali pale pale. Wanafungua jedwali la kompyuta lenye safu 60, mwanafunzi wa mazoezi anajaza wiki tatu, mazoezi yake yanakwisha, na jedwali linafia hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa wauguzi, daktari wa wadi na mtu wa takwimu ambao wamekwama hivyo Goma, Bukavu au Lubumbashi. Hauhitaji intaneti wala mashine mpya za kitandani. Unahitaji namba mnazoziandika tayari, zikiandikwa kwa saa ya kweli.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Fishi za kitandani na rejista ya kupokea wagonjwa.
- Saa moja ya ukutani ambayo wote wanaitazama, ionekane kutoka kila kitanda.
- Oksimita yenye kishikio cha mtoto, mizani ya watoto, kipimajoto.
- Kompyuta moja, hata ya zamani, yenye LibreOffice Calc. Ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao.
- Flashi mbili zenye nywila: moja ya wadi, nyingine ya ofisi ya mganga mkurugenzi.
- Daftari gumu la namba za siri na kabati lenye kufuli.
- Karatasi ya grafu ya milimita na kalamu mbili za rangi.
- Barua ya ruhusa ya mganga mkurugenzi inayosema nani anaingiza namba na nani anaruhusiwa kuziona.

Piga pia hesabu ya muda, maana hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Wadi ya vitanda 8 yenye vipimo kila baada ya saa 4 inatoa mistari 48 kwa siku. Mstari mmoja ukichukua nusu dakika, hiyo ni dakika 24 za mtu mmoja. Mkitaka kila saa, mistari inakuwa 192 na muda unapita saa moja na nusu, na hakuna mwuguzi wa kuutoa kila siku. Basi chukueni saa sita tu: 02:00, 06:00, 10:00, 14:00, 18:00 na 22:00, pamoja na mstari wowote ambapo jambo lilitokea: degedege, kuongezwa oksijeni, kuitwa daktari, kifo.

## Hatua ya 1: Chagueni swali moja

Swali moja, si matano. Jedwali lisilo na swali hukusanya kila kitu na halijibu chochote.

Swali zuri la kuanzia ni hili: mtoto aliyefika na SpO2 (kiwango cha oksijeni kwenye damu, kinachosomwa na oksimita) chini ya 90% alisubiri dakika ngapi kabla ya oksijeni kumfikia puani? Namba zake tayari ziko kwenye rejista na fishi, jibu lake hupatikana ndani ya mwezi, na likipatikana kuna kitu cha kurekebisha kesho yake asubuhi.

Goma na Bukavu ziko kwenye takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Lubumbashi kwenye takribani 1,200. Mtoto mzima wa hapa anaweza kuwa na SpO2 ya chini kidogo kuliko wa pwani. Hilo lisiwape kisingizio cha kushusha mpaka. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kushusha hadi 87% kwa walio juu ya mita 2,500 tu. Kwetu 90% inabaki, na kwa mtoto mwenye dalili ya hatari kama koma, mshtuko wa mzunguko wa damu au degedege, mpaka wa kumpa oksijeni ni 94%.

Mmefaulu ikiwa kila mwuguzi wa zamu anaweza kulisema swali bila kusoma.

## Hatua ya 2: Tengenezeni saa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi yote inayofuata.

Mwuguzi mmoja anaandika "saa mbili" akimaanisha asubuhi, mwenzake anaandika "8h", wa tatu anaandika "2h" akiwa amehesabu kwa Kiswahili. Andikeni saa 24 pekee: 08:00, 20:15. Bandikeni karatasi juu ya meza yenye mifano mitatu.

Kisha kagueni saa za mashine. Monita ikikatikiwa umeme inaweza kurudi kwenye saa ya kiwandani. Simu au kompyuta iliyowekwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja nzima kuliko Goma, Bukavu na Lubumbashi. Mtoto aliyefika 10:05 kwa saa ya ukutani na kupewa oksijeni "09:20" kwa saa ya monita atakupa dakika hasi 45, na ukimfuta utakuwa umemfuta mtoto wa kweli. Kila Jumatatu, mtu mmoja azunguke na kulinganisha saa zote na ile ya ukutani.

Mmefaulu ikiwa wiki nzima hakuna tofauti ya zaidi ya dakika 2 kati ya saa yoyote na ile ya ukutani.

## Hatua ya 3: Kubalianeni maana ya kila namba

Kupumua kuhesabiwe sekunde 60 kamili, mtoto akiwa ametulia. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 akikosea pumzi moja amekosea 4 kwa dakika. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ambaye mpaka wake wa kupumua haraka ni 50, tofauti ya 48 na 52 inabadilisha uamuzi. Kwa miezi 12 hadi 59 mpaka ni 40. Chini ya miezi 2 ni 60.

Namba zenyewe zinaweza kukuonyesha nani anahesabu vipi. Chukua vipimo 100 vya kupumua, vigawe kwa 4 kwa kutumia MOD, fomula ya Calc inayoonyesha baki. Kwa kawaida kama robo yake hugawanyika bila baki. Vikigawanyika 80, wadi inahesabu sekunde 15. Usimtafute mkosaji. Nunua saa yenye mshale wa sekunde kwa kila kona, kisha pima tena baada ya wiki mbili.

SpO2 haina maana bila mtiririko wa oksijeni pembeni yake. Asilimia 96 bila oksijeni na asilimia 96 kwa lita 4 ni watoto wawili tofauti kabisa. Anayepumua hewa ya kawaida aandikiwe 0 kwenye safu ya oksijeni, maana hiyo ni 0 ya kweli.

Fahamu ziandikwe kwa kipimo cha Blantyre, 0 hadi 5. Chaguo likishafanyika, wote watumie hicho hicho. Msichanganye na Glasgow, kipimo kingine cha fahamu chenye namba zake.

Kisichopimwa kibaki tupu. Msiandike 0, wala 999, wala namba ya kipimo kilichopita. Lakini kama mwuguzi alijaribu na oksimita ikashindwa kusoma, andika K. Hiyo ni taarifa nzito: kishikio mara nyingi hushindwa kwa mtoto mwenye mikono ya baridi na mapigo dhaifu, yaani yule yule unayemhofia zaidi. Mahali patupu panasema "hatukupima". K inasema "tulipima, na mwili haukujibu".

## Hatua ya 4: Jedwali lenye kurasa mbili

Ukurasa wa kwanza, *Watoto*, una mstari mmoja kwa kila mtoto: A namba ya siri, B tarehe ya kufika, C saa ya kufika mlangoni, D tarehe ya oksijeni, E saa ya oksijeni, F umri kwa miezi, G uzito kwa kilo, H SpO2 ya kwanza, I alivyotoka (nyumbani, kuhamishwa, kufariki), J tarehe ya kutoka.

Ukurasa wa pili, *Vipimo*, una mstari kwa kila kipimo: namba ya siri, tarehe, saa, kupumua, mapigo, SpO2, oksijeni lita kwa dakika, joto, Blantyre, kulegea, kupumua kwa kina, tukio. Safu 12, basi.

Jina la mtoto haliingii kwenye kompyuta, wala herufi za kwanza za jina, wala mtaa. "Msichana wa miezi 14 wa Ndosho, kitanda cha 3" anatambulika na nusu ya wadi. Jina na namba vinakutana kwenye daftari tu, na daftari linalala kabatini. Picha za fishi hazitumwi WhatsApp, hata kwenye kundi la wadi. Kongo ina sheria ya kidijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda taarifa binafsi za watu, na taarifa za ugonjwa ziko kwenye zile nyeti. Mkitaka kuchapisha matokeo kama utafiti, nendeni kwanza kwenye kamati ya maadili. Ruhusa ya mganga mkurugenzi inatosha kwa kuboresha kazi ya wadi peke yake.

Onyo la nukta na mkato. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa inataka 36,8. Ukiandika 36.8 inaweza kuichukua kama maneno, na wastani utairuka kimya kimya. Namba zikilala upande wa kulia wa kisanduku, ni namba. Zikilala kushoto, ni maneno, zisahihishe.

## Hatua ya 5: Kusafisha bila kufuta

Kila Ijumaa, pangeni kila safu kutoka ndogo hadi kubwa na mtazame ncha zote mbili. Zinazohitaji kurudiwa kwenye karatasi ni SpO2 juu ya 100 au chini ya 40, mapigo chini ya 40 au juu ya 250, joto chini ya 32 au juu ya 42, na uzito uliobadilika zaidi ya 10% ndani ya siku moja.

Uzito uangalieni kwa jicho kali. Mkato ukipotea, 8,4 inakuwa 84, na kosa hilo likiwa kwenye fishi pia, dozi za dawa zinalifuata. Mkilikuta, simameni pale pale na mwiteni daktari kabla ya kuendelea na jedwali.

Namba ya ajabu haifutwi kwa sababu ni ya ajabu. Joto la 33,5 kwa mtoto mchanga aliyeletwa kwa pikipiki usiku wa mvua linaweza kuwa la kweli.

## Hatua ya 6: Matumizi ya kwanza, dakika za kusubiri oksijeni

Kwenye safu K ya *Watoto* andika (Calc ikiwa kwa Kifaransa):

=SI(E2="";"";((D2+E2)-(B2+C2))*1440)

Kisanduku kiwekwe kama namba ya kawaida, si saa. Tarehe lazima iwemo, la sivyo mtoto aliyefika 23:50 na kupewa oksijeni 00:10 atatoka na dakika hasi 1,420 badala ya 20.

Chuja wenye SpO2 ya kwanza chini ya 90, pamoja na walioandikiwa K kwa sababu oksimita ilishindwa kusoma. Tafuta namba ya katikati kwa MEDIANE, si wastani. Mtoto mmoja aliyesubiri saa 6 anavuta wastani wote. Chora nukta moja kwa wiki kwenye karatasi ya milimita. Wiki ikiwa na watoto chini ya 5, unganisha wiki mbili.

Mkipata nukta 10, chora mstari wa katikati. Nukta 6 mfululizo upande mmoja wa mstari, au 5 mfululizo zinazopanda au kushuka, zinaonyesha kuna kitu kimebadilika kweli. Nukta moja iliyoruka juu haionyeshi hivyo, msiitie mkutano.

Muda ukiwa mrefu, ongezeni saa ya kipimo cha kwanza kwa wiki mbili tu. Itawaonyesha dakika zinapotelea wapi. Zikipotea kabla ya kipimo, tazameni mlango: foleni, kaunta ya malipo, fishi isiyopatikana. Zikipotea baada ya kipimo, tazameni vifaa: mirija ya pua ya saizi ya mtoto iliyofungiwa stoo, soketi moja kwa vitanda vitatu, mashine iliyoazimwa wadi nyingine.

## Hatua ya 7: Matumizi ya pili, mtoto anayezama huku SpO2 imetulia

Tazama mfano huu wa hesabu, mtoto wa miezi 14 mwenye kilo 8,4:

- 10:00: SpO2 95, oksijeni lita 1, kupumua 52
- 14:00: SpO2 95, oksijeni lita 2, kupumua 58
- 18:00: SpO2 94, oksijeni lita 3, kupumua 64

Anayesoma safu ya SpO2 peke yake anaona mtoto aliyetulia. Gawanya oksijeni kwa uzito: 0,12, kisha 0,24, kisha 0,36 lita kwa kilo kwa dakika. Mahitaji yamekuwa mara tatu ndani ya saa 8, na kifua kinazidi kuchoka. Kila zamu ilifanya sawa ilipoongeza lita moja; kilichokosekana ni mtu wa kuziona lita tatu kwa pamoja. Ongezeni safu ya oksijeni kwa kilo kwenye ukurasa wa *Vipimo*, na ikipanda mara mbili mfululizo, daktari aitwe.

Pamoja na hiyo, hesabuni alama ya LODS, alama ya hatari ya mtoto mahututi, iliyopewa jina la mji wa Lambaréné wa Gabon na kutengenezwa kwa takwimu za watoto wa Kiafrika wenye malaria. Ina dalili tatu, pointi moja kila moja: koma (Blantyre 2 au chini), kulegea (mtoto wa umri wa kukaa hawezi kukaa bila kushikwa, au mchanga hawezi kunyonya), na kupumua kwa kina. Haihitaji maabara. Ikipanda kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, iwe 0 kwenda 1 au 1 kwenda 2, mtoto atazamwe tena wakati huo huo, sukari ikiwa ya kwanza kupimwa.

Onyo la kwanza: alama inamwita mtu, haiamuru tiba. Jaribio la FEAST lililotolewa 2011, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, lilionyesha kuwa kumimina maji ya haraka mshipani kuliongeza vifo ndani ya saa 48. Wadi ikizoea "alama imepanda, fungua serumu", namba nzuri zitakuwa zimefanya ubaya.

Onyo la pili: alama kubwa isitumike kamwe kuamua mtoto gani aachwe. Inapima kundi, haimjui mtoto huyu.

## Hatua ya 8: Matumizi ya tatu, oksijeni ya usiku

Kila siku saa 17:00, jumlisha lita kwa dakika za watoto wote. Tuseme ni 9. Kuanzia 18:00 hadi 06:00 ni 9 × 60 × 12, yaani lita 6,480.

Mtungi, ambao wengi hapa huuita bombone, una lita sawa na ujazo wake ukizidishwa kwa bar za kwenye geji. Wa lita 50 wenye bar 150 una lita 7,500. Ukiwa na bar 100 una 5,000. Toa bar 20 za akiba, zinabaki 4,000. Gawanya kwa 540 kwa saa: ni saa 7 na dakika 24. Umeme ukikatika 18:00 na usirudi, mtungi huo unaisha karibu 01:25, saa ambayo hakuna wa kumpigia simu.

Andikeni saa hiyo ubaoni kila jioni: "mtungi utafika 01:25". Mafundi na ofisi ya mkurugenzi wanaielewa haraka kuliko ombi lolote la barua. Hesabu irudiwe saa 22:00, maana watoto wapya huja usiku.

## Hatua ya 9: Yanayoharibu hesabu hata namba zikiwa sahihi

Kuhesabu mistari badala ya watoto. Aliyelazwa siku 20 ana mistari 120. Aliyefariki baada ya saa 5 ana miwili. Ukichukua wastani wa mistari yote, yule wa kwanza anammeza wa pili, na wadi itaonekana salama kwa sababu waliokufa hawakukaa muda wa kutosha kuhesabika. Kila mara tafuta kwanza namba moja kwa kila mtoto, kisha linganisha watoto.

Asilimia za idadi ndogo. Kifo kimoja kati ya watoto 6 ni 17%. Mwezi ujao bila kifo ni 0%. Hakuna kilichoboreka. Andikeni "1 kati ya 6".

Mistari mitupu ya usiku. Hesabuni mistari inayotakiwa, 48 kwa siku yaani 8 kwa kila saa ya kipimo, na iliyopo. Saa 02:00 mara nyingi ndiyo yenye mapengo. Hapa naomba wakuu wa wadi wanisikilize vizuri: siku mtakapomwadhibu mwuguzi kwa pengo, fishi zitajaa zote, nzuri, safi na za uongo, na hakuna programu itakayowarudishia ukweli. Mwuguzi mmoja akiwa na watoto 8 usiku, pengo linasema anahitaji mwenzake. Lipelekeni kwa mkurugenzi kama hoja ya kuongeza mtu.

## Hatua ya 10: Dakika kumi za Jumatatu

Grafu moja ukutani, bila majina. Watu wote wa zamu, pamoja na mfanyakazi wa usafi na fundi wa mashine. Swali ni moja: tubadilishe nini wiki hii? Andikeni uamuzi chini ya grafu, pamoja na tarehe na anayeubeba: "mirija ya pua ihamishwe kutoka stoo hadi mlangoni, kufikia Jumatano". Alama ndogo iwekwe kwenye grafu siku ile, ili wiki ya sita muone kama nukta zilishuka baada yake au la.

Kompyuta ikiharibika, msisubiri fundi. Swali la oksijeni linahitaji namba tano kwa mtoto, na zinatosha kwenye daftari na karatasi ya milimita. Endeleeni kuchora kwa mkono. Kompyuta ikirudi, ingizeni kutoka kwenye fishi zenyewe, si kutoka kwenye kumbukumbu.

Baada ya wiki 8, pitieni safu za *Vipimo* moja moja na muulizane ni lini mara ya mwisho kila moja ilibadilisha uamuzi. Isiyokuwa na jibu itolewe kwenye jedwali, ingawa inabaki kwenye fishi ya kitandani. Nafasi yake ndiyo itakayobeba swali la pili.